Safari ya mbugani na mtoto: nini cha kutarajia, nini cha kuandaa

Masika yakishakatika na barabara kukauka, kuanzia mwezi wa Juni, shule nyingi za huku kwetu Pwani hupanga safari za wanafunzi kwenda kuona wanyama. Vikundi vya akina mama na familia nao hukodi kosta au Noah. Sisi wa Ubena tuko katikati ya hifadhi mbili. Ukifuata barabara kuu na kupita Morogoro, unafika Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964. Ukielekea baharini, unafika Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyopata hadhi hiyo mwaka 2005, ambako nyika inakutana na Bahari ya Hindi.

Msimu huo ukifika, maswali kliniki huwa hayohayo. "Nesi, mtoto wa miaka miwili naweza kwenda naye?" "Mwanangu ana selimundu, nimruhusu aende na wenzake?" "Nikimpa maji mengi si atatusumbua kwa choo?" Makala haya yanajibu maswali hayo, kwa mama au mlezi anayekwenda na mtoto, na kwa yule anayebaki nyumbani huku mtoto akienda na walimu.

Kwanza, shika jambo moja. Mwongozaji wa safari anaijua njia na anawajua wanyama. Anajua simba hulala wapi mchana na tembo akitikisa masikio maana yake nini. Lakini hamjui mtoto wako. Hajui kwamba hajakojoa tangu asubuhi, wala kwamba ana pumu. Ukikaa kimya atadhani watu wote garini wako salama. Kwa hiyo afya ya mtoto inabaki mikononi mwako, na kama wewe huendi, lazima umkabidhi mtu mzima mmoja anayejulikana kwa jina.

Siku yenyewe huwaje

Wengi wetu tumeshaona twiga au tembo tukiwa ndani ya basi la Iringa au Mbeya, kwa sababu barabara kuu inakatiza hifadhi ya Mikumi. Safari ya kuongozwa ni tofauti. Siku huwa ndefu, na sehemu kubwa yake mnakuwa mmekaa ndani ya gari.

- Alfajiri. Mnaamka mapema sana, kwa kuwa wanyama huonekana vizuri zaidi kabla jua halijawa kali. Watoto huwa hawajalala vya kutosha na wengi hawataki kula. Upepo wa asubuhi kwenye gari la wazi ni baridi, hata huku kwetu.
- Getini. Kuna kusubiri. Malipo yanakamilishwa, majina yanaandikwa, mwongozaji anaeleza masharti: hakuna kushuka garini ila sehemu zilizoruhusiwa, hakuna kupiga kelele, hakuna kulisha wanyama, hakuna kutupa taka. Hapa pana choo. Kila mtoto aende, hata anayesema hana haja.
- Asubuhi ndani ya hifadhi. Gari linakwenda polepole kwenye barabara ya vumbi, linasimama, linaondoka tena. Mzunguko mmoja unaweza kuchukua saa tatu au nne bila choo.
- Mchana. Mnasimama eneo la mapumziko kula. Huu ndio wakati wa joto kali, wakati wa nyani kunyang'anya chakula, na wakati ambao watoto hutawanyika.
- Jioni. Safari ya kurudi. Watoto wamechoka, wengine wanalala. Mtoto aliyelala kwa uchovu na mtoto aliyelegea kwa kupungukiwa maji wanafanana. Mwamshe, mpe maji, mwangalie machoni.

Wanyama hawana ratiba. Mnaweza kukaa saa mbili bila kumwona hata mmoja, kisha mkakuta kundi zima la nyati. Mwambie mtoto mapema ili asikate tamaa na kuanza kulia.

Maji, joto na mkojo

Nianze na kosa ninaloliona mara nyingi. Mzazi anajua choo kiko mbali, kwa hiyo anampunguzia mtoto maji. Watoto wakubwa hujinyima wenyewe, hasa wasichana, kwa sababu wanaona aibu kuomba gari lisimame. Matokeo yake mtoto anashinda juani na mwili mkavu.

Mtoto hupata joto haraka kuliko mtu mzima, na huchelewa kusema kwamba ana kiu. Huku Pwani hewa ina unyevunyevu mwingi. Jasho linabaki kwenye ngozi badala ya kukauka, na jasho lisipokauka mwili haupoi. Ndiyo maana mtoto anaweza kulowa jasho na bado akazidi kuchemka.

Fanya hivi:

- Mpe mafunda machache ya maji kila nusu saa, ameomba au hajaomba. Usisubiri aseme ana kiu.
- Beba maji safi na salama ya kutosha: angalau lita 2 kwa mtu mzima na lita 1 na nusu kwa mtoto wa shule, na dumu la akiba garini. Soda na juisi si badala ya maji.
- Beba poti au kopo lenye mfuniko kwa watoto wadogo. Watasaidika ndani ya gari, na hakuna atakayeshuka porini.
- Kwa watoto wakubwa, ongea na mwongozaji kabla hamjaondoka: "Tutahitaji kusimama kila baada ya saa moja na nusu." Yeye ndiye atakayechagua mahali peupe na kupakagua kwanza. Mtoto asishuke kwenda kichakani bila ruhusa yake, hata kwa dakika moja.
- Mvalishe nguo nyepesi za mikono mirefu na kofia pana. Kanga iliyoloweshwa maji ukimpangusia usoni, shingoni na kwapani inampoza vizuri.

Mkojo utakuonyesha hali ilivyo. Ukiwa mweupe au manjano hafifu, anakunywa vya kutosha. Ukiwa wa manjano iliyokolea kama chai ya rangi, au mtoto asipokojoa kwa saa sita, amepungukiwa maji.

Na jambo hili halina mjadala: usimwache mtoto ndani ya gari lililoegeshwa juani, hata kwa dakika chache, hata kama amelala, hata kama dirisha umelifungua kidogo. Joto ndani ya gari linaweza kupanda nyuzi 10 ndani ya dakika 10 tu. Mnaposimama kwenda kula, hesabu watoto waliotoka, kisha fungua mlango uangalie viti vya nyuma.

Mtoto anayenyonya

Mtoto wa chini ya miezi 6 hahitaji maji ya kunywa, hata kama jua ni kali. Maziwa ya mama yana maji yote anayohitaji. Bibi au shoga anaweza kukwambia, "Mpe japo kijiko, koo limemkauka." Mweleze kwa upole kwamba utamnyonyesha mara nyingi zaidi. Maji ya njiani ndiyo yanayoleta kuhara. Anayepaswa kunywa maji kwa wingi ni wewe mama.

Mtoto mchanga hawezi kupoza mwili wake vizuri. Usimfunike gubigubi kwa kuogopa vumbi na upepo. Kanga moja nyepesi inatosha, na uso uachwe wazi. Ukimbeba kifuani au mgongoni kwa muda mrefu, joto lako na lake vinaungana, kwa hiyo mshushe mara kwa mara apate hewa. Maoni yangu kama nesi: kwa mtoto wa chini ya miezi 6, siku nzima mbugani haina faida kwake. Kama kuna mtu wa kubaki naye na unaweza kukamua maziwa, abaki. Kama lazima mwende, chagueni mzunguko mfupi wa asubuhi, saa mbili tu, kisha mpumzike kivulini.

Mtoto wa miaka miwili anaweza kwenda, ila usitegemee atatulia saa nne. Omba gari lenye nafasi na panga mzunguko mfupi.

Ndani ya gari

Kutapika njiani. Kunawapata zaidi watoto wa kati ya miaka 2 na 12. Barabara ya mashimo na gari linalosimama mara kwa mara huzidisha. Mkalishe mbele au katikati, si kiti cha nyuma kabisa. Atazame nje, mbali, asichezee simu. Ale chakula chepesi kabla ya safari, kama uji au mkate mkavu, si chapati za mafuta. Beba ndoo ndogo yenye mfuniko na kitambaa. Akitapika, mpumzishe kidogo kisha mpe maji kwa mafunda madogomadogo.

Kusimama kwenye paa la kufunguka. Magari mengi ya utalii yana paa linaloinuliwa ili watu wasimame na kuona mbali. Watoto wanalipenda sana, na ndipo wanapoumia. Dereva akikanyaga breki ghafla, mtoto anagonga uso kwenye chuma. Sharti ni rahisi: gari likitembea, kila mtoto amekaa na amefunga mkanda. Gari likisimama, mmoja mmoja husimama, mtu mzima amemshika kiunoni.

Vumbi. Gari la mbele likitimua vumbi, mwambie dereva aache nafasi. Mtoto mwenye pumu au mafua makali afungiwe dirisha na afunikwe pua kwa kitambaa safi kilicholowa kidogo.

Wadudu na wanyama

Mbung'o. Watu wengine humwita ndorobo. Utakutana naye Saadani na Mikumi. Anauma mchana, na anauma sana, hata kupitia nguo nyepesi. Dawa za kujipaka za mbu hazimzuii vizuri. Anavutwa na gari linalotembea na rangi ya bluu iliyokolea na nyeusi. Kwa sababu hiyo, hifadhi hutumia mitego ya vitambaa vya bluu na vyeusi, msiiguse. Mvalishe mtoto rangi za kaki, krimu au kijani hafifu. Sare nyingi za shule ni za bluu, kwa hiyo mwombe mwalimu watoto wavae nguo za nyumbani siku hiyo. Wengi wanaoumwa na mbung'o huishia na uvimbe na kuwashwa tu, lakini baadhi ya mbung'o hubeba vimelea vya malale. Ugonjwa huo ni wa nadra siku hizi, ila haufai kupuuzwa.

Mbu. Kama mnalala huko, lazima chandarua chenye dawa. Kuanzia jioni, nguo ndefu na dawa ya kufukuza mbu kwenye ngozi iliyo wazi. Usimpake mtoto viganjani, kwa sababu ataweka mkono mdomoni.

Nyani na kima. Hawa ndio wanaowaumiza wageni kwenye maeneo ya kulia, kwa sababu wamezoea chakula cha watu. Mtoto asishike ndizi wala mfuko wa karanga mkononi. Nyani akinyakua, mwachieni. Mtoto aking'atwa au kukwaruzwa, osha kidonda kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha mpelekeni hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Usingoje uone kama kidonda kitapona chenyewe.

Nyoka. Viatu vya kufunika mguu, si kandambili. Mtoto asiingize mkono kwenye shimo wala chini ya gogo. Akiumwa, mtulize, asitembee, mguu au mkono ulioumwa usitikisike, vua bangili au kiatu kabla hajavimba, na aende hospitali haraka. Usichanje, usinyonye sumu, usifunge kamba ya kubana, usipoteze muda kutafuta jiwe la nyoka.

Mto na bahari

Saadani ina raha ambayo hifadhi nyingine za nchi hii hazina: asubuhi unaona twiga na mchana unakanyaga mchanga wa bahari. Watu hupanda pia boti katika Mto Wami kuona viboko, mamba na ndege. Katika boti, kila mtoto avae jaketi la kuokolea linalomtosha. Kama hakuna la saizi yake, asipande. Usikubali kuambiwa "mama, utampakata".

Hakuna kunawa, kuchota wala kuchezea maji ya mto au bwawa. Sababu ya kwanza ni mamba na viboko. Sababu ya pili ni kichocho, ambacho huingia mwilini kupitia ngozi kwenye maji baridi ya mito na mabwawa. Baharini hakuna kichocho, ila kuna mawimbi, na jua linaakisiwa na maji na mchanga. Mtoto anayecheza ufukweni awe na mtu mzima wa kumtazama yeye tu, bila simu mkononi.

Mtoto mwenye ualbino anahitaji kinga ya ziada siku nzima: kofia pana, mikono mirefu, miwani ya jua, na mafuta ya kujikinga na jua yanayopakwa upya kila baada ya saa mbili. Kilisun, yanayotengenezwa Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino, yanafaa. Akae upande wa gari usiopigwa na jua.

Mtoto mwenye ugonjwa wa kudumu: usifiche

Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko simba. Kuna wazazi wanaoficha ugonjwa wa mtoto kwa kuogopa kwamba mwalimu atamkataza kwenda, au kwamba wenzake watamcheka. Ninaielewa hofu hiyo. Mtoto amelilia safari mwezi mzima na mchango umeshalipwa. Lakini mwalimu asiyejua atamwambia mtoto mwenye maumivu ya selimundu, "Vumilia, tunakaribia kufika."

Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo watoto wengi zaidi duniani huzaliwa na selimundu, kwa hiyo katika kosta iliyojaa wanafunzi si ajabu kuwa na mmoja au zaidi. Watoto hao wanaweza kwenda safari. Vinavyowaletea maumivu ni upungufu wa maji, baridi ya ghafla, uchovu mwingi na malaria. Vyote vinne vinapatikana katika siku moja ya mbugani, na vyote vinne vinaweza kuzuiwa kwa maji, sweta la alfajiri, kupumzika, na dawa zake za kila siku bila kuruka.

Mtoto mwenye pumu asiende bila pampu yake, na isiwekwe kwenye begi lililofungiwa nyuma ya gari. Mtoto mwenye kifafa asikose dozi, na asikose usingizi usiku wa kuamkia safari. Mtoto mwenye kisukari asichelewe kula. Mtoto anayetumia dawa za kila siku za aina yoyote abebe za siku mbili zaidi, maana gari linaweza kukwama.

Mwone mhudumu wa afya wiki moja kabla. Kisha andika karatasi, umpe mwalimu au kiongozi wa safari mkononi. Mfano:

*"Mtoto wangu yuko darasa la nne, ana miaka 10. Ana selimundu. Anywe maji kila nusu saa hata kama hajaomba. Asubuhi avae sweta, mchana akae kivulini. Dawa zake ziko kwenye mfuko mwekundu, ameze moja saa mbili asubuhi. Akilalamika mifupa, kifua au tumbo, akiwa na homa au akipumua kwa shida, msisubiri jioni. Apelekwe hospitali na nipigiwe simu."*

Weka namba mbili za simu, yako na ya ndugu mwingine. Muulize mwalimu maswali matatu: Nani atakuwa anamtazama mwanangu? Hospitali ya karibu na mnakokwenda ni ipi? Gari lipi litamtoa akiugua, ikiwa mmekwenda na gari moja tu? Mwalimu aliyejiandaa atakuwa na majibu. Kama hana, umemsaidia kujiandaa.

Ukiwa mjamzito

Mama mjamzito asiye na tatizo anaweza kwenda mzunguko mfupi kwenye barabara nzuri. Lakini mtikisiko wa gari kwa saa nyingi unachosha mgongo na nyonga, na hospitali huwa mbali. Ukiwa miezi mitatu ya mwisho, au umewahi kutokwa damu, kuharibikiwa mimba au kujifungua kabla ya wakati, usiende. Ukienda, beba kadi yako ya kliniki, kaa karibu na dereva na umwambie una mimba, hata kama haijaonekana. Kutokwa damu, maji kupasuka, maumivu ya tumbo yanayokuja na kuondoka, kichwa kuuma sana au kuona maruweruwe ni dalili za kugeuza gari mara moja.

Ikiwa mwaliko ni wa jangwani

Familia nyingi za Pwani zina ndugu Oman, na wengine hualikwa huko kutembea na watoto. Safari inayopendwa huko ni ya jangwani, hasa kwenye michanga ya Wahiba katika eneo la Sharqiya. Dereva hupunguza upepo wa magurudumu ili gari lisizame, kisha hupanda na kushuka vilima vya mchanga. Kwa mtoto, huko ni kurushwarushwa na kutapika. Kampuni nyingi hazichukui wajawazito na watoto wachanga kwenye vilima hivyo. Ukiulizwa, sema kweli.

Joto la jangwani linadanganya kwa namna nyingine. Hewa ni kavu, jasho linakauka hapohapo, na unaona mtoto yuko mkavu ukadhani hatokwi jasho. Anapoteza maji bila wewe kuona. Wakati wa kiangazi chao, kuanzia Mei hadi Septemba, joto hupita nyuzi 40, kwa hiyo safari na mtoto ni ya miezi ya baridi, na usiku wake beba sweta. Kanuni ni ileile: maji kila nusu saa, mkanda, na kumwambia dereva asimame.

Dalili za hatari, na la kufanya

Simamisha safari ukiona mojawapo ya haya:

- mtoto amelegea, amezubaa au anaongea maneno yasiyoeleweka;
- macho yameingia ndani, mdomo mkavu, analia bila machozi;
- anatapika kila anachokunywa;
- mwili unachemka sana, ngozi ya moto;
- degedege au kupoteza fahamu;
- anapumua haraka au kwa shida;
- kwa mtoto mchanga, kukataa kunyonya au utosi kubonyea.

Mwambie mwongozaji kwa maneno yasiyo na shaka: "Mtoto anaumwa, tunageuza sasa hivi." Usione haya kwa sababu wengine wamelipia kumwona simba. Mwongozaji ana njia ya kuwasiliana na askari wa hifadhi, hata pale simu yako isiposhika mtandao.

Wakati gari linakwenda, mtoe juani, mvue nguo za ziada, mloweshe maji mwilini na kumpepea bila kuacha. Akiwa na fahamu, mpe ORS kwa mafunda madogo, iliyochanganywa kwa kipimo cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti. Akiwa hana fahamu au ana degedege, mlaze ubavu na usimpe kitu chochote mdomoni. Joto la kupigwa na jua halishushwi na panado; linashushwa na maji na upepo.

Namba ya dharura ni 112. Kwa mama mjamzito, aliyejifungua au mtoto mchanga, piga 115 bure kwa usafiri wa m-mama.

Mkirudi nyumbani

Safari haijaisha mlipofika. Mwogeshe mtoto, mkague mwili mzima kama ana kupe, hasa nyuma ya masikio, kwapani na kinenani. Mpe maji na chakula, alale.

Kwa mwezi mmoja, kuwa macho na homa. Malaria huchukua siku saba au zaidi kujitokeza baada ya kuumwa na mbu, kwa hiyo homa ya wiki ya pili bado inaweza kuwa ya safari ile. Usinunue dawa dukani kwa kukisia. Mpeleke kituo cha afya ndani ya saa 24 apimwe, na mwambie mhudumu: "Alikwenda Saadani tarehe fulani, aliumwa na mbung'o." Sentensi hiyo inambadilishia mhudumu vipimo anavyofikiria, hasa kama kuna kidonda au uvimbe mahali alipoumwa, au tezi zimevimba shingoni.

Orodha ya kubeba

- Maji ya kunywa na dumu la akiba
- Pakiti mbili au tatu za ORS na chupa ya kipimo cha lita moja
- Dawa zote za mtoto, pamoja na karatasi ya maelezo
- Kadi ya kliniki au ya bima
- Kofia, sweta, viatu vya kufunika, nguo za kubadilisha
- Kanga mbili, sabuni, poti, pampasi, ndoo ya kutapikia
- Chakula kisichoharibika haraka: mkate, mayai ya kuchemsha ya asubuhi hiyo, ndizi zikiwa ndani ya begi
- Chandarua, kama mnalala
- Simu iliyojaa chaji

Mbebe vitu kwenye kikapu au mfuko wa kitambaa, kwani mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019.

Kumwona tembo kwa macho ni jambo ambalo mtoto atalisimulia hadi ukubwani, na sikuandika haya ili mwogope kwenda. Nendeni. Ila kabla gari halijaondoka, zungumza na dereva, mwongozaji na mwalimu, uwaambie mtoto wako ni nani na mwili wake unahitaji nini. Kama una swali kuhusu mtoto wako hasa, mwone mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa kijiji chako au fika zahanati iliyo karibu nawe wiki moja kabla ya safari.